Kutoka kupiga harusi hadi filamu za hali halisi: sauti ndiyo iliyonivusha

Kamera niliianzia kwenye harusi hapa Lamu, upande wa wanawake. Siku ya kupamba mwanamume haingii na picha hazitoki nje ya familia, kwa hiyo ukishahariri unakabidhi kila kitu kwa mama wa bibi harusi, wewe hubaki na nakala. Nikapita redioni, nikahariri matangazo ya maduka, kisha nikawa nawanasia sauti wapiga filamu waliokuja na kamera nzuri bila mtu wa sauti. Hapo ndipo nilipovukia. Picha yenye kasoro mtazamaji huivumilia. Maneno asiyoyasikia, anaondoka.

Kwetu adui ni upepo. Kusi ikivuma, sponji inayokuja na maikrofoni haifui dafu. Ivike fuko la manyoya, washa kichujio cha kukata mivumo iliyo chini ya hertz 80, kisha msemaji aupe upepo mgongo ili mwili wake uikinge maikrofoni ya kifuani. Ibane kama sentimita 20 chini ya kidevu. Kanzu ya pamba haisumbui. Buibui la kitambaa cha kuteleza hukwaruza, kwa hiyo kunja teipu ya kitambaa iwe pembetatu, gundi ikiwa nje, uishikize maikrofoni na nguo visisuguane. Kwenye mashua yenye injini usikiweke kinasa sauti juu ya ubao, maana mtetemo wote unapanda humo. Kipakate, chini yake kikoi kilichokunjwa.

Matondoni, wanakounda majahazi, kuna mtihani mwingine. Mazungumzo nayaacha yacheze karibu na desibeli -12 kwenye mita ya kinasa sauti, ambapo 0 ndiyo kikomo, lakini fundi anapokalafati, akisindilia pamba kati ya mbao kwa nyundo, mlio unaruka ghafla na kupasuka, na sauti iliyopasuka haitengenezeki. Nashusha hadi -20, nasimama mita 2 mbali, nainasa kazi peke yake. Maswali yanangoja fundi apumzike.

Adhana ikianza katikati ya jibu, nyamazeni hadi iishe. Ukiendelea, huwezi kukata sentensi yoyote bila adhana kukatika nayo, na hilo silikubali. Kisha omba: “Fundi, kwa hisani yako, tuanze tena pale mwanzo.” Akianzia katikati, vipande havitaungana.

Kwenye picha nina machache. Umeme wetu ni wa hertz 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, la sivyo baadhi ya taa zitapepesa. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kama nusu saa, lenzi isije ikafanya ukungu. Leseni ya kupiga filamu ya KFCB, bodi ya serikali ya Kenya inayosimamia filamu, iwe mkononi kabla ya siku ya kwanza.

Na kabla ya kukunja vifaa, nanasa sekunde 60 za mahali penyewe, watu wote kimya: maji, makuti, punda wa mbali. Hizo ndizo ninazozitandika chini ya kila mkato.