Kuitwa intavyu Oxford, nafasi ni ngapi?

Jana baada ya magharibi tuko barazani Majengo, mdogo wangu simu mkononi, kila dakika anafungua imeili anafunga anafungua tena, chai imepoa kikombeni hata hajaigusa. Ameomba chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, na barua ya intavyu haijaja. Akaniuliza, "Kaka, nina nafasi kweli?"

Nikamwambia kila mwaka maombi yanapita 20,000, wanaoitwa ni kama 10,000, halafu wanaochukuliwa kama 3,300 tu. Yaani ukiitwa tu ushawapita zaidi ya nusu ya wenzako na hapo inabaki kama mmoja kwa watatu. Lakini hizo ni hesabu za jumla, kozi zatofautiana sana, udaktari na kompyuta watu wamejaa, Kilatini na Kigiriki afadhali. Wanaangalia matokeo, insha, barua ya mwalimu, na kozi nyingi zina mtihani wa kuingilia, na mimi naona huo mtihani ndio wa kukesha nao.

Marekani mambo mengine kabisa. MIT, chuo cha teknolojia huko, anayekuhoji ni mtu aliyesoma pale zamani, na akikosekana wa kukuhoji hawakuhesabii vibaya, kwa hivyo rafiki wa mdogo wangu aliyelia juzi kwa kukosa wa kumhoji alilia bure maskini.

Uzuri Oxford wanahoji kwa mtandao, mwezi wa Desemba, hakuna viza wala tiketi. Nishaongea na shangazi wa Nyali, ana intaneti nzuri na chumba kimya, feni tu ndiyo ina kelele, nitaizima.