Nilivyopanga safari ya familia kwa kutazama mwezi

Ukitaka kuona familia inagombana bila kosa la mtu, waulize wanataka kwenda wapi likizo. Kaka yangu anakaa Mwanza, na shule zilipokaribia kufunga mwezi wa sita akasema wanakuja Tanga, yeye na mkewe na watoto. Hata tiketi za basi hawajakata, kundi letu la WhatsApp limeshawaka. Kaka anataka Serengeti. Mwanawe mkubwa, yuko kidato cha tatu, anataka Kilimanjaro, tena kileleni. Wifi yangu anataka Zanzibar. Mama, ambaye kwa magoti yake ngazi tano ni mjadala, akasema yeye popote, ila angependa amwone tembo kwa macho yake na si kwenye televisheni. Mimi ndiye mwenyeji, kwa hiyo kazi ya kuchagua ikaniangukia.

Vivutio sikuvigusa kwanza. Nchi hii ukianza na vivutio hutoki, kila mkoa una chake na kila chake kina picha nzuri. Nilianza na maswali yasiyo na picha: ni mwezi gani, nani na nani wanasafiri, na tutakaa kwenye gari saa ngapi ili tukae nje ya gari saa ngapi. Hilo la mwisho watu hawalihesabu kabisa. Wanahesabu siku.

Chukua Serengeti. Kutoka Tanga unakwenda Segera, unashika barabara ya Moshi, jioni uko Arusha au umejikaza mpaka Karatu. Kesho yake unapanda Ngorongoro, na hata kama shida yako ni kupita tu, eneo lile lina mamlaka yake na kiingilio chake, halafu mbele unalipia hifadhi yenyewe. Kiingilio si cha kututisha sisi raia, tunalipa kwa shilingi na mtoto ambaye hajafika miaka mitano halipi. Pesa inaliwa na gari, mafuta na malazi. Na kibali cha hifadhi za taifa kinahesabiwa kwa saa tangu unapoingia getini, hakina habari kwamba umetumia siku mbili kufika hapo na mbili nyingine zinakungoja kurudi.

Nikiwa na ramani mezani ndipo nikaona kitu cha kuchekesha. Lango la Ndabaka, la upande wa magharibi wa Serengeti, liko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Na Juni ndiyo majira ambayo makundi ya nyumbu huelekea upande huohuo, kwenye Mto Grumeti. Januari na Februari wanakuwa kusini huko Ndutu wanazaa, mbali na Mwanza. Lakini Juni wako upande wa kaka yangu. Nikampigia.

"Kaka, unataka utoke Mwanza uje Tanga, halafu nikupitishe mikoa mitatu minne nikakuoneshe nyumbu waliokaribia uani kwako?"

Akanyamaza kidogo. "Sisi wa huku hatuendagi, dada."

"Basi na sisi wa pwani bahari hatuogelei. Serengeti nenda wikiendi moja ukirudi, ingia Ndabaka asubuhi na mapema. Huku njoo uone vya huku."

Kilimanjaro ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mtoto alikuwa amenuna kweli. Nilimwambia ukweli wa kazi yenyewe: kilele kiko mita 5,895, njia ya Marangu ambayo watu wanaiita nyepesi inakula siku tano au sita, huruhusiwi kupanda bila mwongozo, na gharama yake ingemeza safari ya watu wote. Nikamwahidi kwamba ipo siku tutakwenda Marangu, tupande mpaka vibanda vya Mandara, mita 2,720, tushuke jioni. Zanzibar iliondoka yenyewe. Juni upepo wa kusi umeshashika, bahari inachafuka, na wifi yangu huyu hata kivuko cha Kamanga kinamtia kichefuchefu.

Tukabaki na mkoa wetu. Tanga imeshazoea jina lake la waja leo waondoka leo, wageni wanapitia hapa kwenda kwingine. Lakini ukiitazama bila haraka, ndani ya mkoa mmoja una milima ya Usambara, una fukwe za Pangani, na kusini mwa Pangani unaikuta Saadani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ndiyo pekee Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi. Mlima, bahari na wanyama, na hakuna siku ya kukaa garini kutwa.

Kulikuwa na Mkomazi pia, ambayo ina faru weusi na mbwa mwitu, na kwa sifa za wanyama ingeishinda Saadani. Ila lango lake la Zange liko Same. Ingetubidi tukishuka Lushoto tupinde kaskazini, kisha turudi njia ileile mpaka pwani. Kwa Mama na mtoto mdogo nikaona hapana. Saadani iko njia moja na Pangani.

Sasa hapa ndipo mwezi unapoingia. Mbele ya Pangani kuna Maziwe, ambayo wazee wanaikumbuka ikiwa kisiwa chenye miti. Bahari iliila, leo ni fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa, limezungukwa na matumbawe. Mgeni akienda siku yoyote tu anaweza kufika akakuta maji matupu. Nilimuuliza nahodha mmoja wa Pangani ni tarehe gani nzuri, naye hakuniuliza tarehe.

"Mwezi mosi au mwezi kumi na tano, na siku mbili tatu baada yake," akasema. "Hapo ni bamvu. Maji yanakupwa sana, tena saa nne saa tano asubuhi mchanga uko nje, mnacheza mnavyotaka. Maji mafu, yale yasiyopwa sana, usiniletee watu, utanigombanisha nao bure."

Yaani mwezi ukiandama au ukijaa. Kwa mtu wa pwani si habari, ila katika kupanga safari ilikuwa dawa, kwa sababu bamvu la asubuhi halisogei kumfuata mtu. Nikachukua kalenda, nikatafuta mwezi mpevu wa Juni, nikapigilia siku ya Maziwe hapo, na siku nyingine zote nikazipanga kurudi nyuma kutoka kwake: Maziwe mwishoni, Saadani kabla yake, Lushoto mwanzoni wakati watu bado wana nguvu ya kona.

Maana kona zipo. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za kupanda na kupinda. Mtoto anayetapika tulimweka mbele, hakunywa maziwa asubuhi, tukafika salama. Lushoto mji uko juu kama mita 1,400, na Juni baridi yake haina utani. Wifi alikuja na madera ya pwani akaishia kuvaa sweta la kaka. Mama tulimpeleka Irente, kwa sababu gari linafika karibu na pa kusimama. Anayetaka mandhari ya mlima bila kupanda mlima aende pale: chini unaona tambarare ya Mazinde, mashamba ya mkonge yamechorwa mistari, na barabara ya Moshi uliyopita jana. Mama alikaa kwenye jiwe akala hindi la kuchoma lote kabla hajasema neno. Mtoto wa kidato cha tatu alipewa mwongozo akaingia msitu wa Magamba, huko kunapita mita 2,000, akarudi na matope mpaka magotini, na jioni hiyo Kilimanjaro haikutajwa.

Mimi binafsi naipenda Amani kuliko Lushoto. Iko karibu zaidi, unapinda Muheza tu, na ule msitu wa Usambara Mashariki una vitu usivyoviona kwingine. Bustani ya mimea waliyoianza Wajerumani mwaka 1902 bado ina miti yake. Lakini Amani inanyeshewa karibu mwaka mzima, na kwa Noah ya kukodi, barabara ile ikilowa, utatumia likizo kusukuma. Niliiacha kwa sababu hiyo tu.

Saadani tulibadilisha gari. Kuna watu Pangani wanakodisha Land Cruiser pamoja na dereva anayeijua hifadhi, na ukigawanya kwa vichwa si bei ya kutisha. Tulivuka mto kwenda Bweni, tukashuka na pwani mpaka upande wa Mkwaja. Malipo getini si ya noti, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo uwe na salio kabla mtandao haujapotea. Jambo jingine ambalo dereva alitukagulia mapema ni nguo. Upande ule zamani ulikuwa ranchi ya ng'ombe, na ndorobo, yaani mbung'o, walikuwa miongoni mwa yaliyoisumbua. Hao wadudu bado wapo na wanapenda rangi ya buluu na nyeusi. Kaka alikuwa na fulana ya buluu. Aliivua mwenyewe baada ya robo saa bila kuambiwa tena.

Wanyama wa Saadani si wa kusongamana. Tuliona twiga wengi, ngiri, kuro wenye ile duara nyeupe nyuma, na nyati kwa mbali. Tembo hatukumwona. Tuliona kinyesi chake, kibichi, katikati ya njia, na dereva akazima gari tukasikiliza kwa muda. Kimya. Nilikuwa nimeshamwambia Mama tangu nyumbani kwamba tembo pale si wa uhakika, ndiyo bei ya kuchagua hifadhi ya karibu. Alitazama kile kinyesi dirishani, akasema, "Basi ameacha salamu, zimefika," akafungua mkebe wa kashata. Mchana tulitokea baharini, na watoto wa Mwanza, waliozaliwa kwenye ziwa, walionja maji wakatema.

Malazi ya Pangani niliyachagua kwa swali moja nililolijifunza kwa wageni wangu wa zamani: niombe picha ya ufuko maji yakiwa yamekupwa. Picha zote za matangazo zinapigwa maji yamejaa. Pwani yetu kwenye bamvu maji yanashuka mita tatu na zaidi, na mahali pengine bahari inakwenda mbali mpaka unaona matope na mwani tu. Nyumba moja haikunitumia picha hiyo, nikaelewa, nikaenda nyingine.

Maziwe tuliondoka saa tatu kasoro, kabla kusi haijaamka vizuri. Wifi alipewa tangawizi akaambiwa atazame mbali, asitazame miguuni. Mashua ilipiga mawimbi kiasi, akafumba macho nusu ya njia, ila hakutapika, na mchanga ulikuwa nje kama nahodha alivyosema, mweupe, mtupu kabisa. Hakuna kivuli, hakuna choo, hakuna maji ya kunywa. Kila kitu mnabeba. Nahodha aliwaeleza watoto kwamba kasa bado wanapanda kutaga hapo, na kwa kuwa mchanga unazama, mayai yanahamishwa kupelekwa Ushongo yakaangulie bara. Samaki kwenye matumbawe walionekana, ingawa kwa kusi maji yana ukungu kidogo. Anayetaka kuzamia na kuona mbali aje wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Februari.

Kwa anayepiga hesabu: mashua nyingi hukodishwa nzima, si kwa kichwa, na kiingilio cha hifadhi ya bahari ya Maziwe kinalipwa kando. Sisi tulikuwa wachache tukajiunga na familia ya Korogwe tuliyoikuta kwenye malazi, bei ikashuka karibu nusu. Tuliulizana jana yake usiku, tukiwa tunangoja pweza aive.