Kipande cha shaba

Jumapili, saa tatu usiku. Nimeoga mara mbili na vidole bado vinanuka oili. Mama watoto amehamia upande wa pili wa kochi. Nje baridi ya Julai imeshika, ile ambayo wageni wa Arusha hawaiamini mpaka iwakute na shati la mikono mifupi, na gari limelala chini ya mparachichi, boneti imefungwa kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Naandika leo leo. Nikilala, kesho nitaanza kuwasimulia watu kwamba nilijua tatizo tangu mwanzo.

Gari lenyewe ni Subaru Forester SG5, Cross Sports ya 2004, yenye turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini. Injini ya lita mbili, silinda nne zilizolala ubavu, mbili kushoto mbili kulia. Lilipotoka Japani lilikuwa na nguvu za farasi 220. Zimebaki ngapi leo, Mungu anajua. Nililinunua kwa jamaa wa Sakina aliyekuwa amechoka nalo, na siku nalileta hapa Olasiti shemeji yangu alilizunguka mara moja, akatikisa kichwa: "Subaru ya turbo? Shem, mtakula ugali kwa chumvi."

Sikumjibu. Ningemweleza nini? Kwamba nikiwa shule ya msingi nilikuwa nakata picha za Safari Rally kwenye magazeti ya zamani na kuzibandika ndani ya sanduku la nguo? Mwaka 1997 Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza ya bluu, mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena kwa Subaru, na mimi nilikuwa na picha za wote wawili. Halafu kuna ile sauti. Bomba za ekzosi kutoka upande mmoja wa injini ni ndefu kuliko za upande wa pili, kwa hiyo moshi haufiki kwa mpangilio, unafika kama watu wanaotoka kanisani. Ndiyo maana inanguruma vile. Ni kasoro, ukitaka kuwa mkali. Mimi naipenda hivyo hivyo.

Sasa, mipira ya bluu.

Chini ya boneti ya gari la miaka ishirini mipira midogo ya hewa inakuwa imekauka, ukiikunja inapasuka kama mkate mkavu. Nikaagiza seti nzima ya mipira ya silikoni, rangi ya bluu, shilingi laki moja na themanini, ambazo nyumbani nilizitaja kama themanini tu. Jumamosi moja nikakaa na bisibisi na koleo, nikatoa mpira mmoja, nikapima urefu, nikakata wa bluu, nikachomeka. Mmoja mmoja, mpaka giza likaingia. Ilipendeza mno. Niliipiga picha. Ile ya zamani nikaitupa kwenye ndoo iliyokatika mkono, ikakaa hapo chini ya mparachichi.

Jumatatu nikielekea kazini gari likawa zito. Halikumisi, halikutoa moshi, taa ya injini haikuwaka. Lilikuwa limelegea tu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kwenye dashibodi nina geji ya presha ya turbo. Zamani nikikanyaga sindano ilikuwa inapanda mpaka ba 0.8 na kidogo (ba ndiyo kipimo chake cha presha). Sasa ikifika 0.5 inagoma. Unakanyaga, unakanyaga, haiendi.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta wa kumlaumu.

Kwanza niliilaumu petroli. Nilikuwa na hoja nzuri tu: gari hili lilitengenezwa kunywa ile petroli ya bei ya juu ya Japani, oktani karibu 100, na kituo ninachojaza siku hizo kilikuwa kimebadilisha mwenye nacho. Petroli ikiwa dhaifu, kwenye turbo inawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inasikia mgongano kupitia sensa yake na kurudisha nyuma muda wa cheche ili pistoni zisipasuke. Nguvu inapungua. Yote kweli. Ila hiyo hupunguza nguvu, haishushi presha kwa namna ile, na nililijua hilo wakati nalisema. Nikahama kituo. Sindano ikabaki pale pale.

Nikailaumu Arusha. Tuko mita 1,400 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa hapa ni karibu asilimia 85 ya ule wa Tanga au Dar, ndiyo sababu gari la kawaida likipanda kutoka pwani linachoka njiani. Lakini turbo kazi yake ni hiyo hiyo: moshi wa injini unazungusha gurudumu moja, gurudumu la pili kwenye shafti ile ile linasukuma hewa ndani, zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Inaufidia huo upungufu. Halafu, kwani wiki iliyotangulia tulikuwa wapi, Zanzibar?

Kisha nikaenda kwa fundi mmoja huko Unga Limited. Alilisikiliza dakika moja, mkono mfukoni. "Turbo imekufa, bro. Ninayo ya mtumba, laki nane, na kufunga." Sikumchukia, mtu ana biashara. Lakini nilirudi nyumbani nikafungua mpira wa kuingiza hewa, nikapenyeza vidole nikashika ile shafti. Nikaisukuma juu na chini: ina mchezo kidogo, kawaida yake, kwa kuwa inaelea kwenye oili. Nikaivuta mbele na nyuma: haitikisiki. Mapanga mazima, hayajagusa ukuta. Turbo ilikuwa na afya kuliko mimi.

Jioni hiyo mzee wa nyumba ya pili, dereva mstaafu wa malori, aliegemea ukuta akiniangalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bado linakusumbua?"

"Bado, mzee."

"Ulishika nini mara ya mwisho kabla halijaanza?"

"Sijashika kitu, mzee. Lilianza lenyewe."

Nilijibu bila hata kufikiri, na niliamini ninachosema. Mipira ya bluu haikunijia kichwani kabisa. Kwangu ile haikuwa kazi ya ufundi, ilikuwa mapambo, kama kubadilisha kava za viti. Mzee akaitikia "Haya," akaenda kula.

Wiki ya pili nikaamua kutafuta pa hewa kuvuja. Kazi hii mtu yeyote anaweza kuifanya nyumbani, na nashangaa jinsi watu wa mji huu wanavyofunga ekzosi ya kelele kabla hawajaifanya. Nilinunua kifuniko cha bomba la plastiki duka la vifaa vya ujenzi, kikubwa cha kutosha kuziba mdomo wa mpira wa hewa baada ya kutoa boksi la fileta. Nikakitoboa katikati, nikavuta vali ya tairi la tubeless nikaipitisha. Nikabana kwa klampu. Kijana wa pancha pale njia panda alikuja na kompresa yake ndogo kwa elfu tano na soda. Nikaiba chupa ya mama watoto ya kunyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi, nikatia sabuni ya vyombo.

Tukajaza hewa taratibu, tukaishia ba moja. Injini iliyozimwa ikaanza kunong'ona. Mnong'ono mwingine ni halali, hewa inapenya mpaka kwenye oili, ukifungua kifuniko cha oili unaisikia. Ila pale interkula, kile kipoza hewa ya turbo, inapoungana na bomba linalotoka kwenye turbo, niliponyunyizia, povu likavimba kama uji unaochemka. Nilipiga kelele ya furaha. Kijana wa pancha naye akapiga kelele, nadhani kwa ajili ya soda.

Nikabadilisha mpira ule wa kuungia, nikakaza, nikapima tena, pakavu. Nikatoka kujaribu.

Ba 0.5.

Nitasema ukweli: nilisimamisha gari pembeni, karibu na uwanja wa ndege wa Arusha, nikazima injini nikakaa. Nilipiga hesabu ya lile turbo la laki nane. Niliwaza hata kumtafuta yule bwana anayeandika upya ramani za kontroboksi kwa laptopu, aniongezee presha kwa nguvu, wakati sijui kwa nini iliyopo haifiki. Ni kama kumpigia kelele mtu asiyesikia kwa sababu ana pamba masikioni. Lakini niliwaza.

Leo asubuhi baada ya ibada nilikuwa chini ya gari nikikagua tu, bila mpango. Kijana wetu wa pili, miaka saba, alikuwa amegundua maji ya sabuni yaliyobaki. Alikuwa ameokota ile mipira ya zamani kwenye ndoo, anachovya ncha moja, anapuliza upande wa pili, mapovu yanaruka mpaka kwa majirani. Dada yake naye kachukua wake. Kelele tupu. Halafu:

"Baba, huu umeziba."

"Chukua mwingine."

"Lakini huu mzuri, mfupi. Hewa inapita kidogo tu. Kuna kitu ndani."

Nilitoka chini ya gari mara moja nikajigonga kichwa kwenye bampa.

Ulikuwa mpira mweusi, mfupi kuliko kidole changu cha kati. Nikaubinya: katikati mgumu. Nikaupasua kwa wembe, kikadondoka kiganjani kipande cha shaba, kidogo kama kifuta kilichoko kwenye ncha ya penseli, chenye tundu katikati ambalo njiti ya kiberiti haipiti. Nikakiinua juani nikachungulia. Niliona jani moja la parachichi.

Nieleze kazi yake, kwa sababu nimeilipia. Turbo isipozuiwa itasukuma hewa mpaka ipasue injini. Kwa hiyo ina kimlango pembeni, westigeti, kinachofunguka na kuuacha moshi upite bila kuzungusha gurudumu. Kinachokifungua ni presha ya turbo yenyewe, inayoletwa na mpira mwembamba. Mpira huo unagawanyika njia mbili: moja kwenye westigeti, nyingine kwenye solenoidi, vali ndogo ya umeme ambayo kontroboksi inaifungua ili kuitupa hewa hiyo, westigeti isiipate, kimlango kibaki kimefungwa na presha ipande zaidi. Sasa fikiria pipa lenye bomba la kuingizia maji na bomba la kutolea. Ukitaka pipa lisijae, la kuingizia lazima liwe jembamba kuliko la kutolea. Kile kipande cha shaba ndicho kinacholifanya la kuingizia kuwa jembamba. Nilipoweka mpira wangu wa bluu, wazi kama barabara ya lami, hewa iliingia kwa wingi kuliko solenoidi inavyoweza kuitupa, westigeti ikashiba mapema, ikafunguka kwenye ba 0.5 kila safari. Hakuna kilichoharibika, ndiyo maana hata taa haikuwaka.

Wiki tatu. Petroli, milima, fundi wa watu, na mzee wa watu nikamwambia sijashika kitu.

Kukirudisha kulichukua dakika kumi: kidogo mate, kukisukuma kwa bisibisi ndani ya mpira wa bluu kati ya mdomo wa turbo na ile njia panda, kamba ya plastiki kwa nje kisihame. Dogo alishika tochi. Alitaka kujua kama sasa atalipwa.

Saa tisa tukatoka wawili, yeye nyuma amefungwa mkanda. Kuelekea Kisongo nilikwenda kwa unyenyekevu, injini ipate joto. Ukipita Kisongo barabara inafunguka, Monduli kulia kwako, nyika mbele, na hewa ya baridi ambayo turbo inaipenda kwa sababu ni nzito. Gia ya tatu, nikakanyaga mpaka chini. 0.4. 0.5. Nilishikilia pumzi pale. 0.6, 0.7, sindano ikapita 0.8 ikasimama hapo imetulia, na kiti kikanisukuma mgongoni. Nyuma dogo alitoa sauti ambayo si neno.

Fuso lililokuwa linakuja likaniwashia taa mara mbili. Nikaachia mafuta, valvu ikapumua, tukashuka, sabini, hamsini, na kweli, mbele kidogo afande amesimama na tochi yake ya kupimia mwendo ameielekeza kwetu. Elfu thelathini ya faini sikuwa nayo mfukoni. Tukapita pale kwenye hamsini kamili. Dogo akampungia mkono, afande naye akampungia.

Tuliporudi nilisimama kwanza nyumba ya pili. Mzee alikuwa anamenya ndizi na mke wake. Nikamsalimia, nikatoa kipande cha mpira uliopasuliwa, nikamwonyesha kile cha shaba kilipokuwa kimekaa, nikamwambia, mzee, siku ile niliposema sijashika kitu, nilikuwa nimeshika kila kitu. Akaugeuza geuza ule mpira kwenye mwanga. "Wa bluu umepata wapi?" akauliza. "Hilux yangu nayo mipira imekauka."

Tumekubaliana Jumamosi. Nimemwambia nitapuliza kila mmoja kabla ya kuutupa.

Mama watoto anauliza chupa yake ya pasi iko wapi.