Pitanga ya kwenye ndoo: ua limekaa, nami nimelikata

Limekaa! Ua moja tu, la upande wa ukutani, lakini nimelikuta alfajiri limefunguka na saa nne asubuhi lilikuwa bado liko kwenye kikonyo chake. Ukurasa wangu wa maelezo ya pitanga, mmea wa matunda uitwao kitaalamu Eugenia uniflora, ulikamilika zamani kwa gome, matawi na majani. Penye neno "ua" palikuwa na mstari mtupu na doa la chai.

Msimu wa kwanza vilitoka vitumba tisa, vikaanguka vyote tisa. Msimu wa pili kumi na vinne, hadithi ileile. Kila asubuhi navikuta juu ya udongo, vimelala kama punje za mchele. Nililaumu maji, maana maji ya kisima kwetu yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Nikalaumu mbolea, nikalaumu sisimizi. Mzee jirani, ambaye ana shamba la zabibu kule Hombolo, alinitazama nikihangaika na ndoo yangu akasema, "Mwanangu, zabibu ukiinyima maji inakusikiliza. Huyu mgeni wako ukimnyima ananuna."

Na ni mgeni kweli. Kwao ni Amerika ya Kusini, misitu ya mvua ya upande wa Atlantiki, Brazili na jirani zake, hewa ya unyevu. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mvua tunaipata kwa msimu mmoja, na upepo wa Agosti unakausha shuka ukiwa bado unaanika foronya.

Safari hii nilifanya mambo matatu kwa mpigo, na najua mtanisema. Ndoo nimeihamishia kwenye kona ya ukuta wa jiko, jua la mchana lisiifikie. Maji nachemsha, nayaacha yatulie, namwagia ya juu tu. Halafu nimetundika gunia bichi upande unaotoka upepo, nalilowesha asubuhi na jioni. Kipi kimesaidia? Mimi nalishukuru gunia, kwa sababu ndilo lililonichosha zaidi.

Sasa nifike kwenye kilichoninyima usingizi: ovari, kile kifuko cha ua kinachogeuka kuwa tunda. Kila mtu anajua kwamba katika ukoo wa pitanga ovari iko chini ya sepali, vile vijani vya nje vya ua. Nami nilishaandika hivyo, kisha nikafuta, kwa sababu sikuwa nimeona. Nilikuwa nakopi. Vitumba vilivyoanguka nilijaribu kuvipasua, lakini vilikuwa vimeshanyauka, vikawa uji. Kikata karatasi cha ofisini kinaponda. Ile lenzi ya kubana kwenye simu nayo msinunue, picha inacheza hata ukishusha pumzi. Wembe mpya wa kunyolea na lenzi ya mkononi ya mara kumi vinatosha, mradi kiwiko kiegemee meza.

Mwezi uliopita tulipika pilau, nikang'ata karafuu. Nikaitema kiganjani kwa hasira, nikaitazama, nikaacha kula. Karafuu ni kitumba! Ni ua la mkarafuu lililochumwa kabla halijafunguka, na mkarafuu ni ukoo mmoja na pitanga, pamoja na mpera, mzambarau na mkaratusi. Miaka yote hii natafuta kitumba kisichonyauka, na kopo limejaa jikoni.

Nikalowesha chache kwenye maji ya moto, zikalala humo usiku kucha. Asubuhi nikapasua moja kwa urefu. Yale meno manne ya juu ni sepali. Kile kijipira katikati ni petali, yale majani laini ya ua, zilizojikunja, na ndani yake stameni, zile nyuzi za chavua, zimejazana, zimeinama kama watu kwenye daladala. Na kwenye ule msumari, yaani sehemu ndefu ya karafuu, karibu kabisa na juu lakini chini ya meno, kuna vyumba viwili vidogo. Hiyo ndiyo ovari. Nilizipasua sita mpaka mkono ukazoea.

Kwa hiyo leo mkono haukutetemeka. Petali nne, nyeupe. Stameni nilizihesabu kwa ncha ya sindano, nikafika 47, nikapiga chafya. Nimeandika "nyingi". Halafu wembe. Mpangilio ni uleule wa karafuu, ila hapa msumari ni mfupi mno, karibu haupo. Sasa nimeandika "ovari chini ya sepali" kwa wino.

Na ndiyo, nimekata ua la pekee lililokaa baada ya misimu miwili. Mpango ulikuwa nisubiri zile wiki tatu hivi hadi tunda liive, nihesabu kama mifuo yake ni saba au nane, kisha mbegu niipande siku hiyohiyo, maana haivumilii kukauka (nilizotumiwa kwenye bahasha hazikuota hata moja). Mpango huo umekufa kwa wembe wangu mwenyewe. Kimebaki kitumba kimoja, kwenye kwapa la jani lilelile. Linnaeus mwaka 1753 aliuita uniflora, wa ua moja, lakini wangu unatoa mawili mawili na kuangusha yote.

Jambo jingine linalonikera ni neno la mstari wa kwanza wa ukurasa wangu, la kusema pitanga ni mmea wa aina gani. Nimeandika "kichaka", lakini kwetu kichaka ni pale nyoka anapojificha. Nikisema "mti mdogo" nadanganya, kwa sababu unatoa matawi tangu chini. Kwa sasa nimeacha "kichaka" kwa penseli.

Tunda nitalingoja, ila moyo umeshahama. Nataka ukurasa mmoja wenye ndugu wanne waliopasuliwa: pitanga, karafuu, ua la mzambarau na pera changa. Lile taji lililo kitakoni mwa pera nimekula nalo tangu utotoni bila kujua kwamba ni sepali zilizobaki. La mpera nimeshaanza kuchora.

Hapa ninapoandika nasikia kabati la jikoni likifunguliwa. "Baba Neema, karafuu zangu ziko wapi?"

Ziko kwenye glasi, dirishani, zinalowa.