Boti ya familia: tumeigeuza, na kibanda kimepungua urefu

Sasa boti imekaa vile boti inafaa kukaa, mdomo juu. Tangu Februari ilikuwa imefudikizwa kama sufuria iliyooshwa, na Jumamosi iliyopita ndiyo tumeigeuza, na hadi leo nikitoka nje asubuhi na kikombe cha chai nasimama tu naiangalia.

Kwa wale wameanza kufuata juzi, hii ni boti ya plaiwudi ya futi 20, upana futi 7 na nusu, ya injini, na mbele ina kibanda cha vitanda viwili. Najengea hapa nyumbani Utawala, Nairobi, kati ya nyumba na ukuta, na itaelea Naivasha Mungu akipenda. Haina mataruma mengi, zile mbavu za mbao za ndani, kama jahazi. Vipande vya plaiwudi vinatobolewa pembeni, vinashonwa na waya wa shaba, halafu kona zinajazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya njugu, juu yake unalaza utepe wa faibaglasi, ikishika unavuta waya zako nje. Chini nimetumia milimita 9, pembeni milimita 6.

Wacha nianze na Julai maana hapo ndipo nilipoteza wiki tatu. Mnajua Julai ya Nairobi, jua halionekani, usiku baridi inaingia mpaka kwa mifupa. Nilikuwa nimelaza faibaglasi upande wote wa chini siku moja, nikalala nimefurahi, asubuhi nikaweka kidole, kidole kikanata. Siku ya pili kinanata, siku ya nne kinanata. Sehemu kubwa ilikuja kukauka polepole, ila ikabaki na utando kama mafuta juu, na huo utando usikimbilie kuupiga msasa, utausambaza tu na msasa wako utajaa, osha kwanza na maji ya vuguvugu na sponji, panguza, ndio upige msasa. Lakini kuna kipande cha kama mita moja upande wa tezi, yaani nyuma, ambacho hakikukauka kabisa, na hicho kosa lilikuwa langu. Epoksi yangu inachanganywa na dawa ya kugandisha, mbili kwa moja kwa ujazo. Siku hiyo vikombe vya kupimia viliniishia nikachukua mizani ya jikoni nikapima mbili kwa moja kwa uzito. Dawa ya kugandisha ni nyepesi kuliko epoksi yenyewe, kwa hivyo ukipima kwa uzito namna hiyo unaweka dawa nyingi kuliko inayotakiwa, na dawa ikizidi haiharakishi kitu, inabaki tu ndani imelegea. Nilikwangua yote. Siku mbili za skrepa na hewa ya moto, kitambaa kinatoka kama ngozi ya mbuzi, hadi nikafika kwenye ubao mtupu nikaanza upya. Mizani imerudi jikoni na vikombe nimenunua 200.

Baridi nayo nimeipatia dawa. Nilienda agroveti nikanunua zile balbu nyekundu za kulea vifaranga, nne, nikafunika boti yote na turubai kama hema, balbu ndani nimezining'iniza mbali na kitambaa. Jiko la makaa msiweke kabisa, hewa yake inaua mtu na hizi dawa zinashika moto. Mikebe ya epoksi yenyewe naiweka kwenye karai la maji ya vuguvugu nusu saa kabla ya kuchanganya, inalainika, inaingia kwa kitambaa vizuri.

Ila joto nalo lina mambo yake. Kuna siku jua lilitoka saa nne nikasema hii ni bahati, nikapaka. Nikiwa nimeinama naona kipovu kimoja kidogo kama kichwa cha pini, kinapanda, kinapasuka, kinaacha shimo. Halafu kingine pembeni. Baada ya dakika ishirini ubao wote ulikuwa umetoka vipele. Hewa iliyo ndani ya mbao ikipata joto inapanuka na lazima itoke, na njia yake ni kupitia kwa epoksi yako mbichi. Tangu siku hiyo napasha ubao mchana, saa kumi jioni nazima balbu, napaka wakati ubao unapoa, hapo hewa inarudi ndani na inavuta epoksi nayo. Vipele vimeisha kabisa, huo wakati wa kupaka ndio kitu kimoja ningependa ningeambiwa mwanzo.

Kugeuza sasa. Tulikuwa watu 14, majirani, shemeji zangu wawili, na vijana wa boda wa hapo stejini. Nilikuwa nimepanga tairi kuukuu za matatu upande mmoja na magodoro mawili ya zamani. Kuna mzee jirani yetu, mtu wa Lamu, amestaafu, alikuja na fimbo yake nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akazunguka boti mara mbili bila kusema kitu anapapasa mkuku, ule uti wa chini wa boti, na kiganja. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, hawa watu wako kila mmoja atainua wakati wake, chombo kitapasuka. Wacha mimi niite." Akasimama upande wa omo, yaani mbele, akaita, "Haraaambee!" Sisi "Heee!" Futi moja. "Haraaambee!" "Heee!" Ikasimama ubavuni, ikakaa hapo hivi kidogo, nikasikia moyo wangu, halafu upande wa pili wakaipokea na kamba ikashuka kwa tairi polepole kama mtu anaketi. Hakuna hata mkwaruzo. Mama watoto alikuwa amepika pilau ya watu ishirini na haikubaki.

Ilipogeuka tu watoto wakaingia ndani na hawakutoka hadi giza. Jumapili tukakata katoni za friji tukajenga kibanda cha uongo, na nawashauri mfanye hivyo kabla hamjakata plaiwudi yoyote. Mchoro wangu ulikuwa na kibanda cha mita 1.75, mtu asimame. Mama watoto akaingia, akalala, akaketi, akatoka nje akasimama pale ukutani akaangalia kwa muda, akasema, "Baba Shiru, hii imekuwa kabati juu ya sahani. Na ule upepo wa mchana?" Yuko sawa. Naivasha asubuhi maji yanatulia kama kioo lakini saa nane upepo unaamka, na kibanda kirefu kwenye boti nyepesi ni tanga ambalo huwezi kulishusha. Tukakata katoni kidogo kidogo hadi mita 1.35, unaketi kitandani kichwa hakigusi, kusimama utasimama nje. Dirisha la upande wa kulia limeshushwa inchi mbili kwa sababu kitinda mimba anataka kuona viboko akiwa amelala, na inchi mbili hazinigharimu kitu.

Injini bado. Niliambiwa ya nguvu farasi 40 itatosha, na kwa Mombasa ingetosha, lakini Naivasha iko juu ya bahari karibu mita 1,890 na hewa huko ni nyembamba, injini ya kawaida inapoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300, kwa hivyo 40 yako inakuwa kama 33 hivi hata kabla hujapakia watu watano na mizigo. Natafuta 50 iliyotumika, na propela nitaweka ya mchato mdogo, yaani inayosukuma boti kidogo kwa kila mzunguko, ili injini isihangaike kufikia mizunguko yake. Kama kuna mtu amefunga 50 kwa boti ya uzito kama huu huko Naivasha aniambie inatembea vipi ikiwa imejaa.

Wikendi hii nafunga masanduku mawili ya povu chini ya vitanda, hayo ni ya kuifanya ielee hata ikijaa maji, na sitaki yaachwe ya mwisho maana watu wa Kenya Maritime Authority wakija kukagua nataka wayaone vizuri. Halafu naanza boriti za sitaha. Geti la ploti nimelipima tena jana na tepu, mara tatu, lina futi 8 kamili, zinabaki inchi 3 kila upande. Ubao wa kinga wa pembeni nitaufunga tukishafika Naivasha.