Siku moja maishani mwangu: nazi za Kaloleni na habari za nyumbani

Nauza nazi soko la Kongowea, na biashara hii haimsubiri aliyelala. Saa kumi alfajiri niko macho, saa kumi na nusu niko ndani ya matatu kutoka Kisauni. Tunapita Kengeleni, penye ile kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Abiria wote wameinamia simu zao, nami naweka yangu sikioni. Kaka yangu anaendesha lori la masafa marefu, na kila usiku huacha sauti kwenye kundi letu la familia: amefika wapi, barabara ikoje, amekula nini. Leo yuko njiani kwenda Nairobi. "Nimepita Maungu salama. Ndovu walikuwa kando ya barabara, wekundu kwa udongo wa Tsavo, na kitoto kimejificha chini ya tumbo la mamake. Nalala Mtito." Mama, kule Kaloleni, ameshamjibu: "Lala, baba. Usiendeshe na usingizi."

Utaratibu huu aliuweka mama mwenyewe. Kila mtu atoe neno kila siku, hata kama ni la kuku kutaga. Najua familia ambazo simu ikilia tu, watu hushika kifua, kwa sababu haipigwi ila kwa karo au matanga. Mama alikataa nyumba yetu iishi hivyo, na mimi nasimama naye.

Saa kumi na moja soko limejaa taa na kelele. Viazi vinashushwa, machungwa ya Tanga yanashushwa, mahamali wanapiga kelele za "njia, njia!" Pikapu ya baba mdogo iko mahali pake pa siku zote. Yeye ndiye anayezunguka kwenye mashamba, anawalipa wakwezi na kuleta mzigo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo kabisa. Mamako mzima. Mtoto mzima. Ila tumbili wamemaliza mstari mzima wa mahindi upande wa bondeni."

Hivyo ndivyo habari za kwetu zinavyokuja: kwanza uzima, kisha lile "ila". Anayeingia kwenye "ila" kabla ya kumaliza salamu hana adabu, na pia anamtia mwenzake hofu ya bure. Baada ya tumbili nikaambiwa mbuzi mweusi amezaa mapacha, jike na dume. Paa la jiko linaezekwa makuti mapya. Na yule jirani yetu mgema aliyeteguka mguu ameanza kutembea bila fimbo.

Huku tunaongea mikono inafanya kazi. Baba mdogo amekita kifuo chake chini, anaishika nazi kwa viganja viwili, anaidunga kwenye ncha, anazungusha kidogo, kumbi linaachia. Anaidunga tena upande wa pili. Kumbi lote likishatoka huacha kishungi kidogo juu ya macho ya nazi, maana macho yakiwa wazi nazi huharibika upesi. Mimi nachagua. Naitikisa karibu na sikio nisikie maji. Iliyonyamaza naiweka kando. Naigonga, naitazama isije ikawa na ufa mwembamba kama unywele. Koroma zikiingia kwenye mzigo nazitenga, kwa sababu mpishi wa wali anataka nazi iliyokomaa, yenye tui zito, na akiuziwa koroma leo, kesho ataenda meza nyingine.

Saa moja tunakunywa chai kwa mahamri na mbaazi. Ndipo nafungua gunia dogo ambalo mama hulituma juu ya mzigo. Leo lina mahindi mabichi, muhogo, na mboga ya mchunga iliyofungwa kwenye kipande cha leso kuukuu. Mchunga umenyauka kidogo kwa safari, lakini ukichemshwa na kutiwa tui unarudi. Katikati ya mahindi kuna karatasi ya daftari, mwandiko wa binti yangu: mchoro wa mbuzi watatu, na kwa chini, "Huyu wa katikati ni wangu, bibi amesema."

Shule zimefungwa, likizo ya Agosti, na mtoto yuko kwa bibi yake. Naona watu wengi hapa mjini wanawaweka watoto ndani na televisheni mwezi mzima, na shamba liko mwendo wa matatu tu, Mazeras, Rabai, Kaloleni. Inaniuma. Mtoto asiyejua nyumba ya bibi yake ana pengo ambalo mwalimu hawezi kuliziba.

Kabla ya saa nne baba mdogo anaondoka. Nampa vya kurudi navyo: sukari, majani ya chai, ng'onda kadhaa, na dawa ya kuchua miguu ya mama. Mikono mitupu hairudishwi.

Kutoka hapo ni wateja tu mpaka mchana. Mama ntilie wa Bombolulu, kijana wa hoteli ya Nyali anayetaka risiti, bibi mmoja anayenunua nazi moja na kuzitikisa ishirini.

Saa saba, nikiwa nakula, sauti ya binti yangu inaingia. Anahema, bila shaka kwa kukimbilia simu ya bibi yake. Wametembea naye hadi upande wa Kaya Fungo, akaona kuni zimejaa chini ya miti, akataka kuokota. Bibi akamkataza, akamweleza kwamba huo ni msitu wa kaya, mahali pa wazee na maombi, na hakuna anayetoa hata tawi. (Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2008, lakini mama alikuwa anaiheshimu zamani kabla ya hapo.) Kisha akamhadithia Mekatilili wa Menza: jinsi alivyowaapisha Wagiriama hapo mwaka 1913 wasitoe vijana wao wala kodi kwa Waingereza, jinsi yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola walivyokamatwa wakapelekwa Kisii, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Mwaka uliofuata, 1914, serikali ya kikoloni ikailipua kaya hiyo kwa baruti.

"Mama, muulize mjomba. Kisii ni mbali? Ni mbali kuliko Mombasa?"

Sikuwa na haja ya kumuuliza, kaka yangu naye yumo kwenye kundi. Jibu lilifika kabla sijanawa mikono. "Mpwa wangu, Kisii nimefika. Kutoka huko hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Lori langu lina injini na bado linachoka. Huyo mama alikuwa na miguu yake tu, tena hakupita barabarani, maana alikuwa anatafutwa."

Kimya kidogo. Halafu mtoto: "Alikuwa anakula nini?"

Hakuna aliyejua la kumjibu. Mama akasema atawauliza wazee. Nilirudi kwenye meza yangu na swali hilo likakaa nami hadi jioni. Mtoto wa mjini, likizo ya kwanza bila katuni, anamfikiria mwanamke wa zaidi ya miaka mia iliyopita na njaa yake njiani. Nilijisikia tajiri.

Saa kumi na moja jioni nafunga, nazi zilizobaki nazifunika turubai. Nyumbani nachemsha muhogo, napika mchunga wa mama.

Saa mbili usiku tunapigiana simu wote. Kaka amefika Nairobi, anasubiri kushusha. Ijumaa atakuwa amerudi. Mama naye anakuja Ijumaa na mtoto, na Jumamosi anataka nimvushe feri ya Likoni akamwone mama mkubwa, Ukunda. Haupendi msongamano wa feri, kwa hiyo tumekubaliana tuvuke mapema, kabla ya saa moja. Chakula cha Ijumaa usiku ni juu yangu: wali wa nazi na nguru wa kupaka, na nguru akikosekana, changu.