Getruda wote hawa

Kwenye steshenari yangu hapa Ngamiani, Tanga, hakuna jina linaloniletea kazi kama Getruda. Cheti cha ubatizo kinasema Gertruda, cha kuzaliwa Getrude, cha kidato cha nne Getruda, na kitambulisho cha taifa nimewahi kukiona kimeandikwa Jetruda. Mwenyewe anakuja nimchapie kiapo akipeleke kwa wakili, athibitishe kwamba wote hao ni mtu mmoja. Silalamiki, kiapo kinalipa kuliko fotokopi.

Shangazi yangu naye ni Getruda, Msambaa wa Lushoto, kabatizwa Gare. Siku hizi yuko kwangu kwa ajili ya kliniki ya presha, mchana anashinda dukani. Kila akiona jina lake kwenye karatasi ya mteja anadai chake.

Jina lenyewe limetokana na Kijerumani cha kale, mkuki na nguvu vimeunganishwa. Nilipomweleza, akasema, "Ndiyo maana marehemu hakuthubutu kuninyanyulia mkono."

Ujerumani kwenyewe, mwanzoni mwa karne ya 20, Gertrud lilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa sana kwa watoto wa kike. Baada ya Vita Kuu ya Pili likashuka, na leo ukilitaja kule wanafikiria bibi kizee. Marekani nako lilivuma miaka hiyo hiyo. Gertrude Ederle, binti wa wahamiaji wa Kijerumani, alizaliwa New York mwaka 1905, na mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kuvuka kwa kuogelea mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Alitumia saa 14 na dakika 34, akawaacha wanaume wote waliomtangulia kwa karibu saa 2. Anayeogelea ufukweni kwetu Raskazone anajua maji ya chumvi yanavyochosha baada ya nusu saa tu. Yule alikuwa na mkuki kweli.

Wa kwetu ni Mama Gertrude Mongella wa Ukerewe. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mimi naona yeye ndiye aliyelipa jina hili uraia. Ukilitamka hapa nchini hakuna anayemfikiria Mjerumani.

Na Wajerumani walijitahidi kuacha majina yao. Lushoto waliiita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, lakini walipoondoka jina nalo likaondoka. Getruda halikutegemea serikali. Lilipitia kwa mapadri na kalenda ya watakatifu, na kwenye kalenda hiyo wako wawili.

Wa kwanza ni Gertruda wa Nivelles, katika Ubelgiji ya leo, aliyekataa kuozwa akaongoza monasteri, akafariki mwaka 659. Wachoraji humchora na panya wanapanda fimbo yake, maana watu walimwomba awaepushe na panya. Siku hizi wapenda paka wamemfanya wao. Wa pili ni Gertruda Mkuu wa Helfta, Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1256. Aliingia monasterini akiwa na umri wa kama miaka 5, akasoma, akaandika kwa Kilatini, na Wakatoliki humkumbuka sana wanapowaombea marehemu walio toharani.

Nikamuuliza shangazi somo wake ni yupi, maana padri aliyembatiza hakuandika. Nilidhani atamchagua wa panya, kwa vita anavyopigana nao stoo kwangu. Akataka kwanza nimsomee tarehe za sikukuu zao. Wa Nivelles ni 17 Machi, wa Helfta 16 Novemba.

"Machi ni Kwaresima," akasema. "Pilau utanipikia lini? Andika Novemba."